Wimbo wa Kunyweshea Ngamia

Watu wananiuliza kwa nini niliacha bendi. Wananiuliza msikitini, wananiuliza matangani, na juzi daktari wa macho aliniuliza huku ananimulika kurunzi kwenye mboni. Nimechoka kujibu kwa mdomo. Basi naandika, na atakayeuliza tena nitamwonyesha karatasi hizi akae nazo kivulini asome.

Dansi letu lilianza saa nane mchana. Msomaji wa leo atacheka, na ana haki ya kucheka, kwa sababu dansi ni jambo la usiku. Sisi hatukuwa na usiku. Usiku ulikuwa wa serikali. Ikifika saa kumi na mbili jioni kila mtu awe ndani, na atakayekutwa barabarani baada ya hapo asimlaumu mtu. Kwa hiyo tulipiga roki na twisti jua likiwa kali, ndani ya ukumbi wa mabati, mjini Garissa, saa ambayo hata mbuzi hutafuta ukuta na kunyamaza. Jasho liliteremka mikononi mpaka kwenye nyuzi, na nyuzi zikashika kutu kama misumari ya mlango wa choo. Niliweka kitambaa mfukoni cha kuzifutia kila baada ya wimbo, na kingine cha kujifutia mimi. Mara nyingi nilivichanganya.

Uhuru ulipofika bara ulifika na ngoma. Kwetu ulifika na hali ya hatari. Baadhi ya watu wetu walitaka nchi yetu iungane na Somalia, wakachukua bunduki wakaingia porini, na serikali ikawaita shifta. Baada ya muda mfupi Msomali yeyote mwenye miguu miwili alikuwa shifta mpaka athibitishe vinginevyo. Mimi nilikuwa Msomali peke yangu katika bendi, na kwa hiyo nilikuwa na kazi mbili: kupiga solo na kuaminika. Ya pili ilikuwa ngumu zaidi.

Tulikuwa watano. Kiongozi alikuwa fundi wa magari kutoka bara, mpiga saksafoni, mtu mkali mwenye vidole vyeusi vya grisi ambavyo hakuna sabuni iliyoviweza. Dereva wa lori alipiga ngoma, karani mmoja wa Lamu alipiga besi, na mwimbaji wetu alikuwa nesi wa kiume mwenye sauti tamu kiasi kwamba wagonjwa, walivyosema, walikawia kupona. Waliocheza walikuwa makarani, walimu, manesi na askari waliokuwa mapumzikoni, karibu wote watu wa bara. Vijana wetu wa Kisomali walisimama nje ya madirisha wakitazama kwa macho ya kulaani, na miguu yao ikigonga mchanga bila wao kujua. Ndani niliitwa "shifta wetu". Nje niliitwa mpiga ngoma wa serikali. Akutukanaye hakuchagulii tusi.

Gitaa nilikuwa nimejifunza shuleni, kwa mwalimu mmoja wa bara aliyekuwa na gitaa kavu, lile la sanduku lisilotaka umeme. Kuletwa Garissa aliona ni adhabu, na siku alipopata uhamisho alifurahi mno hata akanigawia gitaa lile pamoja na sufuria zake. Baba yangu alikuwa mfugaji wa ngamia upande wa Balambala. Alikuja mjini kununua sukari na majani ya chai, akanikuta nalo mapajani.

"Hilo ni nini?"

"Ni gitaa, aabo." Ndivyo sisi tunavyomwita baba.

"Lina maziwa?"

"Halina."

"Linabeba maji?"

"Halibebi."

"Basi ni la nini?"

Mpaka leo sijapata jibu zuri. Akanywa chai yake akaondoka. Tangu hapo kila tulipokutana aliuliza kama bado nakuna lile sanduku, kwa sauti ya mtu anayeulizia upele wa mtoto. Kwa watu wetu wa zamani kupiga chombo si kazi ya mwana wa watu. Shairi ndiyo, wimbo wa mdomo ndiyo, lakini nyuzi na ngoma ni za wengine, na mwenye heshima huwatupia kitu akapita.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kwetu hata mtoto analijua. Ngamia hunyweshwa kwa wimbo. Visima vya ndani ni virefu. Wanaume husimama mmoja juu ya mwingine kwenye ngazi za udongo, wakipokezana ndoo za ngozi, na wa juu kabisa humimina kwenye hori huku anaimba. Wimbo unawapa wachotaji mwendo, na unamwambia ngamia kwamba zamu yake imefika. Mifugo ya watu wengi husubiri kisimani pamoja, na kila familia ina wimbo wake. Ndama huusikia tangu siku ya kwanza anapoonja maji. Ngamia hajui alama ya moto aliyochomwa, kwa sababu iko ubavuni mwake na hawezi kuisoma. Anajua wimbo. Mwenye wimbo akiimba, wake watajitoa katika kundi la mamia, na wa jirani watabaki wamesimama na kiu yao.

Baba alikuwa na sauti ya kisima, pana na ya polepole, na wimbo wetu nilikua nao masikioni. Siku moja kiongozi wa bendi alilalamika kwamba tunapiga nyimbo za wenzetu tu, tunanakili santuri kama kasuku. Nikawapigia wimbo wa baba. Niliuongezea mbio, nikaubana hapa na pale, dereva akauwekea ngoma, na karani wa Lamu akautia besi iliyotembea kama mtu aliyelewa. Ukawa roki. Makarani waliupenda kuliko wimbo wowote tuliokuwa nao. Walirusha viuno kwa sauti ya baba yangu akiwaita ngamia, na hakuna aliyejua ila mimi na wale wa madirishani. Wa madirishani waliinamisha macho. Nadhani waliona aibu kwa niaba yangu.

Kisha ukaja mwaka wa vijiji. Amri ilitoka kwamba wafugaji wote waache pori, wakae katika vijiji vilivyozungushiwa uzio, vyenye lango moja na askari. Baba aliletwa pembezoni mwa Garissa na kupewa kiwanja ambacho hata ngamia mmoja asingeweza kujigeuza. Alikuja na mikeka ya nyumba yake, vyombo vyake vya maziwa na kikohozi. Ngamia hakuja nao. Shifta walikuwa wamepita malishoni, nyayo zao zikaonekana, na kwa nyayo hizo mifugo ya watu wote wa eneo lile ikachukuliwa kuwa adhabu. Walitiwa katika boma kubwa la miiba karibu na uwanja wa ndege, wa huyu na wa yule pamoja, wakisubiri mnada.

Baba alikuwa hana kitu kingine duniani. Mama alikuwa amekwisha kufa, na mimi, kwa hesabu yake, nilikuwa sanduku. Alikwenda kwa mkubwa wa mifugo kudai wanyama wake. Mkubwa huyu alikuwa kijana wa bara, si mtu mbaya, mpenzi wa twisti, aliyekuja kwenye dansi letu kila Jumamosi na viatu vilivyong'aa. Nilikuwepo nikimtafsiria baba pale Kiswahili chake kilipoishia, ingawa hakupenda kutafsiriwa.

"Bwana mkubwa, mimi hataki yote," alisema. "Mimi nataka yangu tu. Mimi hana bunduki, mimi sifa ya shifta hana."

"Mzee, wazee wote wamesema hivyohivyo. Onyesha alama."

Baba akaonyesha alama. Mkubwa akacheka kwa uchovu. Alama ile ilikuwa ya ukoo mzima, na nusu ya boma ilikuwa nayo. Alisema mwenye kuthibitisha athibitishe kabla ya mnada, na baada ya hapo hana la kufanya. Alionekana kama mtu aliyelisema neno hilo tangu asubuhi. Tukatoka. Baba alikohoa mpaka akashika ukuta, na kitu kilichotoka mdomoni mwake hakikuwa sauti. Kifua kilikuwa kimemla. Aliongea kwa pumzi tu, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi.

Jumamosi iliyofuata tulipiga dansi kama kawaida. Tulipofika kwenye wimbo wetu, askari wa zamu aliingia mbio katikati ya watu, kofia mkononi.

"Nani anapiga hiyo kitu? Kuna ngamia wamesimama kule, wanasukuma miiba wakitaka kuja huku!"

Ukumbi uliangua kicheko. Mwimbaji akasema kwenye maikrofoni kwamba hata ngamia wana haki ya kucheza twisti. Mimi niliweka gitaa chini, nikatoka na jua likanipiga usoni. Kutoka ukumbini mpaka bomani ni mwendo mfupi, uwanda mtupu. Ngamia wengi walikuwa wamelala wakicheua. Kundi moja tu lilikuwa limesimama kwenye uzio, shingo zimenyooka kuelekea kwetu, na mbele yao ngamia jike mzee mwenye sikio lililochanika. Nilimjua. Nilikunywa maziwa yake kabla sijajua kusoma.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilipita langoni na kibali changu nikaenda kumwambia baba. Nilieleza yote, hata sehemu ya viuno.

"Ulikuwa unacheza na wimbo wangu mbele ya watu wanaokumbatia wake za wenzao?"

"Ndiyo, aabo."

"Na yule mwenye sikio lililochanika alisimama?"

"Alikuwa wa kwanza."

Alifumba macho. Alipofumbua alikuwa ameamua.

"Lete hilo sanduku," alisema.

Tulimpelekea mkubwa wa mifugo wazo la wimbo, naye akakubali, nadhani kwa sababu alitaka kuona kioja. Asubuhi ya mnada, kabla wanunuzi hawajakaa vitini, baba aje aite. Watakaojitenga na kuja kwake ni wake. Wasipokuja, wauzwe na wengine. Tatizo lilikuwa kwamba gitaa la umeme nililopigia bendini, bila umeme ni ubao, na gitaa kavu lisingefika hata katikati ya boma lile. Bendi ilikuwa na amplifaya ya betri ya lori, ambayo kiongozi aliiunda kwa mikono yake kwa sababu jenereta ya ukumbi ilikuwa na hasira zake. Aliitunza kama mtoto wa pekee. Na siku hiyohiyo tulikuwa tumekodiwa kuwatumbuiza wageni wa mnada.

Nilimkuta chini ya gari. Nilizungumza na miguu yake.

"Hapana," ilisema miguu.

"Ni kwa nusu saa. Nitairudisha kabla hatujaanza."

Akatoka, akajifuta mikono kwa tambara. "Ndugu yangu, mimi sina ubaya na mzee wako. Lakini wale wanunuzi ndio wenye siku. Wakiona bendi yangu inawatoa ngamia bomani, kesho mimi ni shifta, nesi ni shifta, hata yule Mwamu wa watu, karani wetu, ni shifta. Wewe umezoea. Sisi hatujazoea."

Alikuwa na haki. Hilo ndilo linanichosha zaidi nikikumbuka, kwamba kila mtu katika habari hii alikuwa na haki yake. Nilimwambia nitaichukua. Akaniambia nikitoka nayo nisirudi, si kwa hasira, kwa sauti ileile aliyoitumia kumwambia mtu kwamba gari lake halitapona. Dereva wa lori alinisaidia kubeba betri mpaka nje ya uzio wa karakana. Aliitua mchangani, akanipa mkono, akarudi ndani kwa wenzake. Hivyo ndivyo nilivyoacha bendi. Hakuna aliyepiga kelele.

Asubuhi ya mnada baba alivaa shuka safi. Wenye mifugo wengine walikuwa wamekuja pia, wamejipanga kandokando ya uzio, wamechuchumaa. Mkubwa alisimama na wageni wake. Boma lilinuka samadi na kiu, kwa maana wanyama hawakuwa wamenyweshwa vya kutosha tangu walipoletwa.

Baba alijaribu kwanza mwenyewe. Alisimama langoni, akaweka mkono sikioni kama anavyofanya kisimani, akafungua mdomo. Ilitoka pumzi. Akajaribu tena, akakohoa, na mmoja wa wanunuzi akageuka pembeni akacheka. Baba hakunitazama. Aliinua kidole tu, kama mtu anayeomba chai.

Nikapiga. Nikapiga kama nilivyozoea kupiga ukumbini, na spika ikatoa sauti kali iliyowarusha kunguru kwenye miiba. Ngamia mmoja aliinua kichwa akakishusha. Wengine hata hilo hawakufanya. Sijui kwa nini ukumbini walisimama na pale hawakusimama. Labda kwa mbali, kupitia mabati na upepo, mbio zilipungua wakasikia kilicho chini yake. Nilipiga zaidi. Vidole viliteleza. Baba akanigusa bega.

"Unakimbia," alininong'oneza. "Ngamia hanywi mbio. Kuna mtu chini kisimani. Mngoje apandishe ndoo."

Nikamngoja. Nilipiga mstari mmoja nikasubiri ndoo ipande kutoka kwa mtu wa kwanza hadi wa pili hadi wa tatu, nikapiga mstari mwingine. Sikuwahi kupiga gitaa polepole namna ile. Baba alikuwa ananihesabia kwa vidole vyake begani mwangu, na mimi nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu nikipiga chombo nilichokiita changu kwa mkono wa baba yangu.

Mwenye sikio lililochanika alikuja wa kwanza. Alipita katikati ya wengine akiwasukuma kwa kifua, na nyuma yake akaja mwingine, na mwingine. Baba aliwaita kwa majina, kwa pumzi, kila mmoja alipofika. Majina yao sitayaandika, ni ya nyumbani. Kisha hawakuja tena. Niliendelea kupiga. Baba aliendelea kuita majina, na majina mengine hayakuitikiwa, na aliyaita mara ya pili, na ya tatu, akitazama ndani ya boma ambamo hawakuwamo. Askari pia hula nyama. Hatimaye alinishika mkono nikaacha.

"Wanatosha," alisema. Hawakutosha.

Mkubwa wa mifugo alitimiza neno lake, na ninamshukuru kwa hilo popote alipo. Lango likafunguliwa, wale waliokuja wakatoka. Nyuma yetu mnada ukaanza. Wale waliochuchumaa kando ya uzio hawakuinuka kutupa mkono. Mmoja, mtu aliyekuwa akichota maji pamoja na baba tangu ujana wao, alisema tu tulipompita, "Walaal, ndugu yangu, wewe una mtoto anayejua serikali." Kisha akageuza uso akaangalia wake wakiuzwa.

Watu wanadhani habari inaishia hapo, ngamia wamerudi, alhamdulillahi. Mimi ndipo nilipoanza kuchoka. Nilihamia kijijini kwa baba kwa sababu sikuwa na bendi wala chumba kilichokuja na bendi. Wenzangu walipata mpigaji mwingine, wakaendelea na dansi la saa nane mpaka hali ya hatari ilipolegea, kisha kila mmoja akarudi kwao. Amplifaya niliirudisha siku ileile, pamoja na gitaa la bendi. Niliiacha mlangoni kwa kiongozi, imefutwa vumbi, na hakutoka. Mimi baadaye niliajiriwa kutengeneza redio, kazi ya kukaa chini kivulini, nikaifanya mpaka nilipozeeka. Kati ya bendi na redio nilikuwa na kipindi kimoja tu cha kupiga, na kilikuwa ndani ya uzio ule wa kijiji, na gitaa kavu.

Kijijini hakuna aliyetutukana. Walitusalimu kwa kadiri dini inavyotaka, neno kwa neno, bila kuongeza. Baba alipoketi mahali, mazungumzo yalikwenda kwenye hali ya hewa. Kila nyumba ilikuwa na watoto waliozoea maziwa na sasa wanakunywa chai ya rangi, na kila asubuhi walisikia maziwa yetu yakilia chomboni, kwa maana kibanda kwa kibanda palikuwa na ukuta wa mkeka tu. Mimi niliwakasirikia. Nilisema walichoombwa kuthibitisha wangethibitisha nao, sauti walikuwa nazo nzima. Baba alinijibu kwamba waliomba, na mkubwa aliwaambia kioja kimoja kinatosha.

Kwetu kuna desturi ya kumwazima mwenzako ngamia mwenye maziwa. Unampa akamkamue, amtunze, na akikauka anamrudisha. Baba alianza nayo. Alimpa wa kwanza yule rafiki yake wa kisimani, ambaye alikataa mara mbili na mara ya tatu akamshika ngamia kamba. Siku ya pili akarudi amekasirika: ngamia hanywi. Amempeleka mtoni, amesimama majini mpaka magoti, hanywi.

"Hajasikia wimbo," nilisema.

Basi nikawa mwalimu. Baba hakuwa na sauti, kwa hiyo niliketi mlangoni na gitaa kavu, na aliyeazimwa aliketi mbele yangu akajifunza wimbo wetu, mstari baada ya mstari, akingoja ndoo ipande. Walikuwa wanaume wazima wenye nyimbo za baba zao, ambazo sasa hazikuwa na wa kuitikia. Walijifunza wakiangalia chini. Nilipiga, wakarudia, nikapiga, wakarudia, kabla ya saa ya kujifungia ndani. Kila aliyeujua vizuri aliondoka na mnyama. Madume nayo yalikwenda, ya kubebea maji. Salamu zilirudi zikiwa ndefu, baba alipoketi watu walimsogelea, na mimi nilianza kuhesabu waliobaki nikaona hesabu yangu ni rahisi kupita kiasi.

Alibaki mwenye sikio lililochanika. Alikuwa mzee lakini alikuwa na ndama, na maziwa yake ndiyo dawa pekee iliyotuliza kifua cha baba. Nilidhani huyu hatatoka. Kisha akaja mjane wa jirani. Mumewe alikuwa amekufa katika mwaka ule, namna ambayo watu walikufa mwaka ule, na alikuwa amepata kibali cha kwenda Masalani kwa kaka zake, na watoto wake, kwa miguu. Hakuja kuomba. Alikuja kuaga tu. Aliketi mlangoni akambariki baba, na alipoinuka baba akaniambia nimfungue ngamia na ndama wake.

"Aabo, huyu hapana," nilisema. "Wengine sawa. Huyu ndiye unayemnywa wewe. Masalani ni mbali, hatarudi."

"Najua Masalani iko wapi."

"Utakufa."

"Siku ile bomani," alisema, na ilibidi nisogee ili nimsikie, "ngamia wa mama huyu alikuwa amesimama pembeni ya wangu. Wangu akamsukuma kwa kifua akapita. Nilimwona akibaki. Nikinywa maziwa haya peke yangu, yatanikwama hapa."

Nilimfungua. Mjane alikuwa ameketi nasi jioni nyingi akifuma mkeka wakati wengine wanajifunza, na wimbo alikuwa anaujua kuliko wote. Aliuimba kwa sauti ya chini ya kike, na ngamia wetu akaenda naye bila kuvutwa, ndama nyuma, watoto nyuma ya ndama. Walikwenda kuelekea langoni. Mimi niliketi. Gitaa lilikuwa mapajani mwangu kama kawaida ya saa ile, na nilitaka kufanya kitu, sikujua kitu gani, kumsindikiza labda, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mstari wa kwanza.

Baba akauweka mkono wake bapa juu ya nyuzi.

"Acha," alisema. "Akikusikia atarudi."

Tukakaa hivyo. Langoni askari alisoma kibali, akakigeuza, akakisoma tena. Ngamia alisimama akingoja, sikio moja zima na moja lililochanika, na baba alizidi kukandamiza. Kisha lango likafunguliwa wakapita, mama, watoto, ndama, na vumbi lao likakaa juu kidogo likatulia. Alipouondoa mkono kiganja chake kilikuwa na mistari sita, na mimi nikalisimamisha gitaa ukutani nikaenda kumchemshia chai ya rangi.